Kombeo la Katani na Mopu ya Mama

Leo asubuhi nilikuwa nachambua rasta nyuma ya mgongo wa mteja. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumamosi kwenye saluni ya mama. Nafungua pakiti za hizo nywele za kusukia, nanyoosha, nagawa mafungu yanayolingana, na mama akirudisha mkono nyuma bila kugeuka namwekea fungu kiganjani. Naipenda hii kazi kwa sababu moja tu: kisogo hakina macho. Mteja anaweza kukaa pale tangu chai mpaka chakula cha mchana, akaniuliza nasoma darasa gani, napenda somo gani, nataka kuwa nani, na mimi nikawa najibu "mmh" na "ee" huku uso umeniiva kwa aibu, na yeye asijue.

"Huyu mtoto ana ulimi kweli?" mteja wa leo aliuliza.

"Anao," shangazi akadakia. "Ameuweka akiba."

Shangazi alikuwa upande wa kushoto wa kichwa, mama upande wa kulia. Ndivyo wanavyofanya kazi hawa wawili mteja akiwa na haraka. Wanamgawana. Kila mtu anasuka upande wake, wanakutana utosini, na mteja akitoka huwezi kujua kama alishikwa na mikono minne. Mwisho wanachovya ncha kwenye maji ya moto ili zitulie, wanapaka mafuta kidogo zing'ae, basi, kioo, tabasamu, kwaheri. Ni saluni ndogo, chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti viwili, kioo kikubwa ukutani, birika la umeme, na dirisha la kutazama barabarani. Chini ya dirisha hilo, kwa nje, anakaa fundi viatu na mwavuli wake. Anajiita Daktari wa Soli. Anasikia kila tunachosema na anachangia.

Mikono yangu ilikuwa kwenye rasta, lakini akili ilikuwa kwenye kombeo.

Shule yetu inapeleka watupaji watatu kwenye mashindano ya kombeo, shule zote za huku kwetu zitakuwepo. Wawili walishapatikana. Ilibaki nafasi moja. Juzi mwalimu wa michezo alisimama mbele ya darasa akasema, "Anayeitaka hiyo nafasi aje uwanjani Jumamosi mchana na kombeo alilosuka kwa mkono wake. La kununua sitaki, la kuazima sitaki. Na ataniambia ametumia kamba gani, na kwa nini."

Niliitaka. Naandika hivyo hapa maana sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo. Shuleni wananiita Kimya. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, naandika jibu kwa penseli juu ya dawati, halafu nalifuta kwa kiwiko. Lakini nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kitupu kirefu, na tangu likizo kila jioni natupa pale mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Nazungusha, naachia, unakwenda vuuu. Ukienda vile najisikia kama nimesema kitu kwa sauti kubwa na hakuna aliyeniuliza "umesemaje?"

Tatizo lilianza jana jioni. Nilikwenda kuchukua kombeo langu la zamani kwenye msumari nyuma ya mlango, nikakuta msumari peke yake.

"Shangazi, umeona kombeo langu?"

"Kombeo gani?"

"Lilikuwa hapa kwenye msumari."

"Hapo palikuwa na kamba," shangazi akasema. "Nimefungia mlango wa banda la kuku."

"Ile si kamba, shangazi."

"Ina urefu, ina ncha mbili, inafunga. Mimi hiyo naiita kamba."

Alikuwa ameikata katikati kwa kisu, kipande cha juu, kipande cha chini. Kuku walikuwa wamefungiwa vizuri sana. Shangazi alipoona uso wangu akaacha kucheka.

"Haya, haya, mwanangu, usinililie. Kesho tunakusukia lingine. Nyumba ina wasusi wawili, tutashindwa na kamba?"

Kwa hiyo leo mteja alipoondoka tu, shangazi akazunguka nyumba nzima na kurudi na kila kitu chenye urefu. Akavimwaga juu ya kiti kama mtu aliyerudi gulioni. Kulikuwa na kamba za viatu, kipande cha manila tunayoanikia nguo, na pakiti ya rasta iliyobaki. Kichwa cha fundi viatu kikaingia dirishani.

"Mnatafuta nini humo?"

"Kamba ya kombeo," shangazi akasema.

"Kwanza mnahitaji mahali pa kukalia mpira," akasema fundi, na mkono wake ukaingia dirishani ukiwa na kipande cha ngozi laini. "Ulimi wa kiatu. Kiatu chenyewe kimekufa, mwenyewe hajaja kukichukua mwaka mzima."

"Unaona?" shangazi akaniambia. "Ulimi wa kwanza umepatikana."

Hata mama alicheka. Nikatoboa matundu mawili, moja kila upande, na kile kipande kikawa kikoba kizuri kabisa, mpira unakaa ndani kama yai.

"Na kamba chukueni hii," fundi akaendelea, akatupa ndani ukanda mrefu wa mpira wa baiskeli. "Unavuta, unaachia, paa!"

"Hiyo ni manati," nikasema.

"Nani kasema?"

"Kasema hiyo ni manati," shangazi akarudia kwa sauti. Yeye huwa kama kipaza sauti changu. "Kombeo halivutwi, daktari. Linazungushwa."

"Mjaribu kwanza ndiyo mnitukane."

Tukajaribu, kwa heshima yake. Nyuma ya nyumba nikafunga ule ukanda, nikazungusha. Kadiri nilivyozungusha ndivyo ulivyorefuka, mpaka mpira ukagusa chini, ukadunda, ukarudi kunipiga kwenye goti. Fundi alikuwa ameacha wateja wake kuja kuangalia. Akasema labda mpira wa pikipiki ungefaa zaidi. Nikaufungua ule ukanda, nikamrudishia.

Tukaja kwenye manila. Manila inapendeza, ni nyepesi na haikatiki, na nilijua wengi shuleni wataitumia. Lakini inateleza. Niliweka kitanzi kwenye kidole cha kati, nikashika kifundo cha upande wa pili kati ya kidole gumba na cha shahada, nikazungusha, na kifundo kikachomoka chenyewe kabla sijaamua. Mpira ukapanda juu, moja kwa moja, ukawa mdogo kama punje. Sote watatu tukakimbilia chini ya paa tukaangalia mawingu.

"Unashuka?" shangazi akauliza.

"Bado," akasema fundi.

Ulishuka kwenye beseni la taulo ambazo mama alikuwa ameziloweka. Povu likaruka mpaka ukutani.

"Nani huyo!" mama akapiga kelele kutoka ndani.

"Ni manila!" shangazi akajibu.

Kamba za viatu hazikufika mbali. Ni fupi, ukiziunga kunakuwa na fundo katikati, na fundo linanasa kwenye mkono wa gauni. Hapo shangazi akakunja mikono, akaniangalia kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na imo kichwani mwake.

"Sisi ni nani hapa? Si wasusi? Rasta hizo hapo."

Sikatai, hata mimi nilifurahi. Rasta naijua. Nikifumba macho vidole vyangu vinaijua. Na kulikuwa na nyeusi na ya zambarau, na nilishajiona uwanjani na kombeo ambalo watu wangeliangalia lenyewe, wasiniangalie mimi. Mama akaangalia saa akasema muda hautoshi, leteni. Akashika upande wa kulia, shangazi wa kushoto, mimi nikashika kikoba katikati kama kichwa cha mteja. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba mwalimu anataka nisuke mwenyewe. Shangazi akasema umechambua wewe, umegawa wewe, sisi ni vidole tu. Vidole vyao vilikuwa vinakimbia. Walipomaliza, kwa mazoea tu, bila hata kuambiana, mama akamimina maji ya moto kwenye bakuli, shangazi akachovya, akafuta, akapaka mafuta.

"Hapo sasa," mama akasema, akaliinua kwenye mwanga. "Hata likishindwa, limependeza."

Lilipendeza jamani. Lilining'inia linang'aa kama limetoka dukani. Nikatoka nalo nje, nikaweka mpira, nikazungusha mara moja, mara ya pili, nikaachia kifundo. Kifundo kikaachia. Na kitanzi nacho kikaachia. Yale mafuta! Kombeo zima likatoka kidoleni likaruka pamoja na mpira wake, likapita juu ya kona ya nyumba, likaenda upande wa barabarani.

Halafu tukasikia:

"Nyoka! Nyoka! Nyoka wa zambarau!"

Fundi viatu, masikini, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kukaa. Lilikuwa limeangukia juu ya mwavuli wake, likateleza taratibu, likamkalia begani. Tulipofika alikuwa amesimama juu ya kigoda, nyundo mkononi, ameshalipiga mara kadhaa. Alipoona ni rasta akashuka polepole akajipangusa suruali.

"Nilijua si nyoka," akasema. "Nilikuwa nawaamsha nyinyi."

Tukalifuta mafuta kwa taulo, nikajaribu tena. Safari hii kitanzi kilikaa, lakini mpira ulikwenda kushoto. Tena kushoto. Nikilenga ukuta unakwenda kwenye kamba ya nguo, nikilenga kamba ya nguo unakwenda kwa kuku. Mwishowe tukarudi saluni, nikalilaza kombeo juu ya kiti, nikanyoosha pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa umeuzidi wa pili urefu wa kidole.

Mama aliangalia upande mrefu. "Huu ni wako," akamwambia shangazi. "Mkono wako mlegevu. Nimekwambia miaka yote."

"Wifi, mlegevu ni afadhali. Wako wewe unakaza mpaka wateja wanalala macho wazi."

"Wanarudi lakini."

"Wanarudi kufumua!"

Huo ugomvi ni mkubwa kuliko mimi, niliukuta. Waliuacha kidogo, wakauendeleza. Mimi nilikuwa naangalia lile kombeo. Kichwani mwa mtu tofauti hiyo haionekani, maana nywele za kushoto hazishindani na za kulia. Kila moja inalala inakolala. Lakini kombeo ni pande mbili zinazobeba mpira mmoja, na hapa mkono mmoja ulikaza na mwingine ukalegea, halafu maji ya moto yakalainisha kila kitu, na ule mlegevu ukawa unavutika zaidi kila nikitupa. Tungeweza kutupa mpaka kesho, na ungezidi kurefuka.

"Lazima lisukwe na mkono mmoja," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili. Nadhani kilichowageuza ni kwamba nilisema kwa sauti.

"Mkono wa nani?" mama akauliza, na nikaona kila mmoja ananyoosha vidole vyake.

"Wangu. Mwalimu alisema hivyo tangu mwanzo. Na si kwa rasta. Kwa katani."

Kombeo langu la zamani, lile la banda la kuku, lilikuwa la katani. Nilijua tangu asubuhi kwamba katani ndiyo inayofaa. Haivutiki, haitelezi, na kifundo chake unakisikia kati ya vidole kama punje ya hindi, ukitaka kuachia unajua unaachia nini. Lakini ni mbaya kuitazama, ina manyoya manyoya, na inakula kidole. Nilikuwa sitaki kusimama mbele ya watu na kitu kibaya. Ndiyo hiyo tu. Nilikuwa nachagua kamba kwa macho ya watu wengine.

"Katani ipo," fundi akasema dirishani. Alikuwa hajaondoka, huyu haondoki. Akainua kamba anayofungia sanduku lake la zana kila jioni, ndefu, ngumu, safi. "Chukua. Mimi sanduku nitafunga kwa huyo nyoka wenu."

Nikaifumua ile kamba nyuzi kwa nyuzi, nikazilowesha kidogo zilainike, nikaketi chini nikaanza kusuka. Kidogo upande huu, kidogo upande huu, ili mkono ukichoka uchoke sawa kote. Mama alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, na najua ilikuwa inamwasha. Kila nikikosea nilimsikia anavuta pumzi. Hakunigusa.

Nilipofika kwenye kitanzi nikasimama. Kidole changu cha kati bado kina kidonda cha kombeo la zamani. Shangazi akakiona. Akachukua mkasi akatoka uani, na aliporudi alikuwa na kishungi cha nyuzi nyeupe za pamba, nene, laini.

Mama akazigeuza geuza. "Hii pamba umeitoa wapi?"

Shangazi akaangalia dari.

"Wewe! Hiyo ni mopu yangu! Mopu ya kupigia deki, ya juzi tu!"

"Ilikuwa na nywele nyingi mno, wifi. Nimeipunguza."

Nikasuka kitanzi cha pamba ya mopu, nikakiunganisha na katani, na kikakaa kidoleni kama pete. Kombeo likawa limekwisha. Lilikuwa baya sana. Katani ilikuwa imesimama manyoya kila upande kama mtu aliyeamshwa na moto.

"Litatoka hivyo?" mama akasema. "Nyumba yenye kibao cha saluni mlangoni?" Akachukua kiberiti, akawasha, akapitisha mwali haraka haraka chini ya kamba, kama anavyochoma vinyweleo vya rasta, mwali unapita bila kusimama. Manyoya yote yakaondoka, ikabaki harufu ya gunia lililoungua na kamba nyororo. "Sijasuka," akaniambia. "Nimechoma tu. Mwalimu akiuliza, mama hakusuka."

Uwanjani tulikuwa wasichana sita na watu wengi wa kuangalia kuliko nilivyotegemea. Darasa moja la juu lilikuwa na masomo ya ziada, madirisha yao yamejaa vichwa. Mwalimu alikuwa amechora mistari miwili ya chokaa, njia ikiwa katikati yake. Mpira ukianguka nje ya njia hauhesabiwi, na kila mtu anatupa mara mbili.

Anayetegemewa alikuwa kiranja wetu. Kombeo lake lilikuwa la manila nyekundu, na alilieleza kama anasoma taarifa ya habari. Anatupa vizuri, lazima niseme ukweli. Manila yake alikuwa ameipaka vumbi isiteleze, kitu ambacho sisi wote nyumbani na udaktari wetu hatukukifikiria. Mpira wake wa pili ulipita wa kila mtu.

"Bado nani?" mwalimu akauliza.

Nikasogea.

"Kimya, umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kutupa," nikasema, lakini ilitoka kama pumzi.

"Umesemaje?"

"Mwalimu, kasema kaja kutupa taka!" kiranja akasema. "Muone, kaja na mopu kabisa!"

Wakacheka. Mwalimu akalichukua kombeo, akalivuta pande mbili kwa nguvu, akalipima urefu. "Kamba gani?"

"Katani. Haivutiki."

"Na hapa kwenye kitanzi?"

"Mopu."

Sasa walicheka mpaka wa madirishani, ambao hata hawakusikia.

"Kwa nini mopu?"

Jibu nilikuwa nalo. Njia nzima nilikuwa nalirudia. Katani inakula kidole, pamba haili, na kitanzi hakihitaji kuteleza. Maneno yenyewe ndiyo hayo. Yalinikimbia yote. Nikainua kidole changu cha kati, chenye kidonda, nikamwonyesha.

Mwalimu akakitazama kidonda, akatazama ile pamba. "Nimeelewa," akasema. "Tupa."

Nikatupa. Nilikuwa na hasira na maneno yangu yaliyonikimbia, nikazitia zote mle. Vuuu. Mpira ulipita njia ya chokaa, ukapita kule ambako hakuna aliyefika, ukakata kulia, ukaenda kugonga kengele ya shule. Kengele yetu ni ringi kuukuu ya gari iliyoning'inizwa nje ya darasa. Mpira wa tenisi haukuiliza sana, ililia dung, basi. Lakini watu waliokuwa kwenye masomo ya ziada siku ya Jumamosi hawahitaji zaidi ya hiyo. Mlango ukafunguka, wakamwagika wote na mabegi yao. Mwalimu wao akatoka nyuma na chaki mkononi, anauliza nani kagonga, nani kagonga.

Mwalimu wa michezo alikuwa ameinama ameshika magoti kwa kicheko. "Nje ya njia," akasema alipoweza kusema. "Haihesabiwi. Tupa ya pili."

Ile ya pili sikuwa na hasira tena, nilikuwa nacheka mwenyewe. Nikaisikia punje ya kifundo kati ya vidole, nikaisubiri, nikaiachia. Mpira ukaenda ulivyotumwa, ukatua ndani ya njia karibu na alama ya kiranja. Kiranja mwenyewe akakimbia, akapiga magoti, akavua kiatu akakilaza chini kati ya alama mbili.

Nilisubiri aseme alama yake ndiyo ya mbele. Nani angebisha?

"Kiatu kizima," akasema. "Kanipita kiatu kizima, huyu." Akarudi anachechemea na soksi moja. "Kimya, kumbe! Hebu nione hiyo mopu. Ni ya aina gani?"

Baada ya watu kupungua mwalimu akaniita pembeni. "Kwa upande wa mkono, nafasi ni yako. Lakini kule kwenye mashindano kila mtupaji anaeleza kombeo lake kwenye kipaza sauti, mbele ya shule zote, na maelezo hayo yana alama zake. Kidole hakitoshi. Sitaki kukulazimisha halafu ukaumie. Kaongee na nyumbani, uongee na wewe mwenyewe, unitumie ujumbe leo kabla hujalala. Nisipouona, nampeleka kiranja, na hakuna atakayekulaumu."

Nyumbani niliwaeleza yote, hata la kipaza sauti na ujumbe wa kutuma kabla sijalala.

"Utasema ndiyo," shangazi akasema.

"Mwache," mama akasema. Akafagia nywele zote sakafuni, akazizoa, halafu akaenda akakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwangu. "Njoo usimame mahali pako pa kila siku. Hicho hapo kisogo. Nieleze kombeo lako."

Nikasimama nyuma yake. Shangazi akanipa chanuo kubwa nilishike kama kipaza sauti. Nikaanza kwa kuangalia chini, kama ninavyoangalia rasta. Nikamweleza kisogo cha mama kuhusu mpira wa baiskeli na manila, na kwa nini rasta ya mikono miwili haibebi mpira mmoja, na punje ya hindi, na mopu. Nilisema yote. Nilisema hata ambayo sikujua kama ninayo. Nilipomaliza nikainua uso, na hapo ndipo nikaona kioo.

Mama alikuwa ananiangalia. Ndani ya kioo, uso kwa uso, tangu mwanzo.

"Mama! Unaniona?"

"Nakuona. Kwani kioo ni cha nini?"

"Wateja nao wananiona?"

"Wote, mwanangu," shangazi akasema. "Tangu siku ya kwanza. Uso unakuiva kama nyanya, mikono inafanya kazi. Ulidhani wanakuuliza maswali kwa nini? Wanapenda kukuona."

Sikujua nifiche uso wapi, na kwa mara ya kwanza nikaona hakuna haja. Wameshauona. Miezi yote hiyo wameuona, wakasukwa, wakaenda zao, na wamerudi.

Sasa kombeo liko kwenye msumari, na chini yake nimebandika karatasi kwa ajili ya shangazi: HII SI KAMBA. Fundi amefunga sanduku lake kwa rasta ya zambarau akaenda kwao. Mama amelala, simu yake ninayo mimi. Nimeandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika "Samahani mwalimu," nikafuta na huo, maana sijakosa kitu. Mwishowe nimeandika hivi:

"Mwalimu, nitakwenda. Kipaza sauti nitakishika mwenyewe."

Nimeutuma. Kuna alama moja tu ya tiki, bado ya pili haijatokea, ile ya kuonyesha umemfikia. Labda mwalimu ameshalala, labda simu yake imezima chaji. Nimeangalia tena sasa hivi. Bado ni moja.